Kilichotolewa ni Kioo, Si Jicho

Kalemie, Jumapili asubuhi

Kwako Mama yangu, mama wa mapasa,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lolote, na umwambie Kabange asizipite mbio. Ndiyo, Kabange pacha wangu, najua ni wewe unayesoma, kwa kuwa Mama haoni na mkeo anasema maandishi yangu yanamuumiza kichwa. Soma polepole, usiongeze lako, na mahali nilipoandika jambo la kunicheka mimi, usilirudie mara mbili.

Mama, hujambo? Miguu inasemaje? Lile goti linalokutangazia mvua bado linafanya kazi yake? Yule mbuzi mwekundu amezaa? Nauliza na habari za macho, ingawa nazijua: mtoto wa jicho hajakupa nafasi tangu alipoingia, na sasa ameyakalia yote mawili. Huku sisi ni wazima. Mkwe wako Zaina anakusalimu. Ameniagiza nikueleze kila kitu bila kujipamba, na amesema ataisoma barua hii kabla sijaifunga.

Nimepata habari kwamba umefungua mzigo. Ule mzigo uliofunga kwa mikono yako, vitenge viwili, sahani yako, na unga wa muhogo kwa sababu huamini kwamba Kalemie kuna unga. Umeufungua, ukasema treni iende bila wewe, maana jicho la Kyungu limetolewa na kuwekwa lingine. Kabange ameniandikia kwamba huko Kabalo wengine wanasema nimewekewa la mbuzi, na jirani mmoja ameuliza kama sasa ninakula majani.

Mama, madaktari wa macho wanaosafiri watarudi hapa kiangazi hiki, wakae majuma mawili, kisha hakuna anayejua watarudi lini tena. Jina lako nimekwisha kuliandikisha. Kwa hiyo barua hii ina kazi moja tu, kukueleza kilichonipata, chote, ili ukiamua kubaki gizani uamue kwa sababu ya ukweli na si kwa sababu ya maneno ya Shabani wa treni.

Unajua tabia yangu ya kuandika kila siku. Daftari liko wazi hapa mezani, nami nitafuata tarehe.

Unakumbuka mwaka juzi nilipopasuliwa jicho la kulia, wakaondoa mtoto wa jicho na kuniwekea kioo kidogo ndani. Nilikuandikia kurasa nne za furaha. Nimeona vumbi juu ya kabati. Nimeona majina ya mashua kutoka barabarani. Nimeona mvi za Zaina, nikazitaja kwa sauti, nikala ugali mkavu siku mbili. Jicho la kushoto bado lina mtoto wake, linaona kama kupitia karatasi iliyoshika mafuta. Ndiyo maana kazi yangu yote ya kuandika majina kwenye mashua na vibao vya maduka inafanywa na jicho la kulia peke yake.

Sasa sikia daftari linavyosema mwaka jana.

Tarehe 11 Julai: “Moshi mwingi. Wanachoma majani huko milimani.”

Tarehe 19 Julai: “Moshi bado.”

Tarehe 2 Agosti: “Zaina hapangusi dirisha vizuri.”

Tarehe 3 Agosti: “Nimemwambia apanguse tena. Amepangusa. Nimemwambia tena. Amenitupia kitambaa.”

Tarehe 4 Agosti: “Zaina amenionyesha kwamba wakati wote nilipokuwa nikilalamika dirisha lilikuwa wazi.”

Hata hapo sikuelewa. Niliandika chini yake: “Basi ni ukungu wa ziwa.” Nikangoja mvua. Mvua za kwanza zilipopiga, hewa yote ikaoshwa, Zaina akasimama mlangoni akaniita kwa jina la mtoto wetu.

“Papa Feza, njoo uone! Leo milima ya Tanzania inaonekana yote.”

Nikaenda nikasimama karibu naye, nikanyoosha shingo. “Ninaiona,” nikasema. “Mizuri sana.”

“Hiyo njo bati ya jirani,” akasema.

Mama, nilijua siku hiyo. Lakini sikumwambia mtu, na hasa wewe sikukwambia, kwa sababu ni mimi niliyekushawishi. Kila barua nilisema, tazama mimi, njoo na wewe. Nilikuwa mfano wako. Mtu akishakuwa mfano anaona aibu kuharibika. Nikawa ninafanya kazi kwa mazoea na kwa kupapasa, mpaka siku ya mashua ya Mzee Ramazani.

Mzee Ramazani ni mtu wa heshima hapa, ukoo wake ni wa wale waliofanya biashara ziwani tangu zamani. Ana mashua inayopeleka chumvi na sabuni upande wa Moba, aliyoachiwa na babu yake, na alitaka iandikwe jina upya: MALI YA BABU. Mimi huchonga herufi kwenye katoni ngumu, naishikiza katoni kwenye ubao na kupitisha rangi juu yake. Kwa M na W ninatumia katoni moja, maana ukiigeuza miguu juu unapata nyingine. Upande wa juu wa M nimeweka alama ya penseli. Siku ile jua lilikuwa kali juu ya maji, na jicho langu, kila mwanga ulipolipiga, lilijaa maziwa. Alama sikuiona. Nikapapasa, nikashikiza, nikapaka nyekundu, safi kabisa, hakuna tone lililodondoka. Nilijisifu.

Mabaharia walianza kunicheka kabla sijaosha brashi.

“Fundi! Wali njo huu, mboga iko kwa mashua gani?”

“Wali gani?”

“Wali ya babu. Tuketi ao tunawe mikono kwanza?”

Mzee Ramazani akafika. Akavaa lunete machoni, akasoma. Akavua lunete, akaipangusa kwa kanzu, akasoma tena. Akanigeukia bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

“Kyungu, mwanangu. Babu yangu alivuka ziwa hili maisha yake yote ili aniachie mali. Wewe njo umemupikia wali?”

“Mzee, hiyo ni M.”

“Ni M iliyokufa. Imelala chali.”

Kabange, najua unacheka. Maliza, kisha endelea.

Niliporudi nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Zaina alikuwa akiningoja mlangoni. Alinikalisha kwenye kiti, akafunika jicho langu la kushoto kwa kiganja chake, akanyoosha mkono mwingine mbele yangu.

“Hivi ni vidole ngapi?”

“Vya nani?” nikauliza.

Akaondoa kiganja, akakaa chini. Hakucheka hata kidogo, na mimi nikaona kwamba jambo ni kubwa. Mama, kama jicho la kulia likifa na la kushoto limeshakaliwa, mimi si fundi tena. Ni mzee wa kuongozwa kwa fimbo mpaka chooni, na sijafika hata sitini.

Shangazi yake Zaina, aliyekuwa amekuja kuazima kinu, ndiye aliyetoa maelezo ya kwanza. “Mutoto wa jicho walimutoa,” akasema, “lakini alishaacha mujukuu.”

Nilimdharau, nikaenda kwa muuguzi wa macho. Naye akanisikiliza, akasema shangazi hajakosea sana. Nyuma ya kioo wanachoweka kuna utando mwembamba, ngozi ya asili ya jicho inayokishikilia kioo, na kwa watu wengi utando huo baada ya muda unaota ukungu. Dawa yake ni mashine ya mwanga. Inatoboa tundu dogo kwenye utando, dakika chache tu, hakuna kisu, unarudi nyumbani kwa miguu. Mashine yenyewe haiko hapa, huja na wale madaktari wanaosafiri. Nikaandika daftarini kwa furaha: “Ni mjukuu tu. Ataondolewa Machi.”

Machi wakaja. Daktari wao mkubwa ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Mashine ya mwanga ilikuwa imekwisha kuwashwa na mimi nimekwisha kupewa kiti. Akasema kwanza atazame mwenyewe. Wakanitia matone mpaka mboni ikafunguka kama mlango wa kanisa, akatazama upande huu, akatazama upande ule, kisha akamwambia msaidizi wake, “Zima hiyo.”

“Daktari, na mjukuu?” nikasema.

“Mujukuu gani?”

Zaina akamweleza. Daktari akacheka mpaka akashika meza. Kisha akakaa karibu nami na kusema polepole, nami niliandika nilipofika nyumbani, kwa hiyo haya ni maneno yake.

“Papa Kyungu, utando wako ni safi. Kioo chenyewe njo kimeingia ukungu.”

“Kinaingiaje ukungu? Bado ni kipya!”

“Sisi tunaita kioo, lakini ni plastiki laini. Aina zingine, kwa watu wachache, zinanyonya chumvi ya maji ya ndani ya jicho. Chumvi inakaa mule, kama ule ukoko mweupe ndani ya birika.”

“Basi mkipanguse.”

“Ukoko uko ndani ya plastiki yenyewe. Haufutiki.”

“Na mwanga?”

“Mwanga utatoboa pazia, dirisha litabaki chafu. Halafu siku tukitaka kubadilisha dirisha, hatutakuwa na pazia zima la kushikilia lile jipya. Ningekuharibia.”

Nikamwambia kwamba mimi niliambiwa kioo ni cha maisha. Akajibu, “Karibu vyote ni vya maisha. Chako kimestaafu mapema.”

Nikauliza kosa langu ni lipi. Je, ni rangi? Petroli ninayooshea brashi? Pilipili?

“Ni ubishi,” Zaina akajibu kabla yake.

“Apana, Mama Feza,” daktari akasema. “Ubishi haufiki mule. Si kosa la mutu.”

Hakunificha kitu, Mama, nami sikufichi. Alisema dawa ni moja, kutoa kile kioo na kuweka kingine cha aina tofauti. Alisema kazi ya kubadilisha ni ngumu kuliko kazi ya kwanza, kwa sababu kioo kimeshakumbatiana na utando, na utando ukipasuka mambo yanakuwa marefu. Alisema huenda nisione kama mwanzo. Kisha akanipa siku mbili za kufikiri. Siku ya kwanza daftari lina mstari mmoja: “Nimeogopa.” Siku ya pili: “Bado.” Siku ya tatu nilikwenda, maana Zaina alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Sasa, Mama, sikiliza hapa, na Kabange apaze sauti. Jicho halikutoka mahali pake. Najua umekuwa ukisema wanalitoa, wanaliweka kwenye sahani, wanaliosha na kulirudisha. Mimi sikulazwa usingizi, walitia ganzi tu, kwa hiyo nilikuwa macho muda wote, na kwa ajili yako nilitega sikio kwa makini nisikie sauti ya sahani. Sikuisikia. Daktari alifungua mahali padogo pembeni mwa jicho, akakata kile kioo vipande viwili humo humo ndani kwa mkasi ambao hata kunguni angeuona mdogo, akavuta kipande kimoja, akavuta cha pili, akaingiza kioo kipya kikiwa kimekunjwa, nacho kikakunjuka chenyewe. Muda wote alikuwa akimsimulia msaidizi wake habari za bibi mmoja aliyekataa kuvua kilemba kwenye meza ya upasuaji. Hicho ndicho kitu cha kutisha kuliko vyote nilichosikia mle.

Nikaomba nionyeshwe kilichotolewa. Msaidizi akamwonyesha Zaina kwanza, juu ya kitambaa. Nusu mbili nyeupe, ukiziunganisha hazifiki ukucha wa kidole kidogo.

“Basi huu njo wali ya babu,” Zaina akasema.

Walinifunga bandeji, na kesho yake, nilipokuwa nikitoka kuangaliwa, nikakutana na Shabani anayesafiri na treni ya mizigo, yule anayekuleteeni barua zangu. Akaniuliza jicho lina nini. Nikamwambia neno kwa neno, maana nimeliandika: “Wametoa kioo cha jicho, wakaweka kingine.” Shabani akasafiri siku nne na sentensi hiyo. Nadhani kioo kilimdondoka mahali fulani karibu na Niemba, kwa kuwa Kabalo lilifika jicho peke yake.

Hayo ndiyo yote yaliyotokea. Sasa nakueleza nilivyo leo. Ninaona. Taa zina duara la mwanga kuzizunguka, na kwa kusoma natumia lunete, lakini milima ya ng'ambo naiona na bati la jirani naliona, na nimegundua kwamba ni viwili tofauti. Mzee Ramazani amenirudishia kazi. Alileta kiti chake akakaa nyuma yangu kwenye mchanga, na kila nilipochukua katoni alipiga kelele, “Kichwa juu!”

“Mzee, hii ni A.”

“Hata A. Sijui ikilala itasema nini.”

Mama, nimekaa juma zima nikijiuliza nikuandikie neno gani la mwisho. Mara ya kwanza nilikuahidi kwamba ni kazi ndogo na kwamba ukishawekewa umemaliza. Nilikosea kuahidi, maana haikuwa juu yangu kuahidi. Siwezi kukuapia kwamba cha kwako hakitaingia ukungu. Utando ukiota ukungu, ni ile mashine ya mwanga, dakika chache. Kioo chenyewe kikiota, jambo ambalo ni nadra, mimi nimekwisha kupita njia hiyo na nitakushika mkono kila kona. Lakini ukungu wa kioo ni jambo linaloweza kuja. Ulionao wewe umeshakuja. Miaka mitatu sasa unamtambua Kabange kwa kikohozi chake.

Nilimuuliza daktari kama angemwekea mama yake mzazi. Akasema, “Nilimuwekea. Sasa anapita kwangu kila Jumamosi kukagua masufuria.”

Ndani ya bahasha hii nimeweka vipande viwili vya uzi wa nyavu. Kimoja kina fundo, kingine hakina. Chenye fundo maana yake unafunga mzigo na unakuja. Kisicho na fundo maana yake unabaki. Chagua kwa vidole vyako mwenyewe. Kabange atoke nje, na mkewe pia, asije akakukoholea upande anaoutaka yeye. Kisha umpe Shabani mkononi kile ulichochagua, na usimwambie neno lolote, hata salamu. Uzi hauna maneno ya kuangusha njiani.

Ukituma chenye fundo, nitakuwa stesheni kila siku watakayotangaza treni, hata ikichelewa kama kawaida yake, na unga wako wa muhogo nitaubeba mimi. Ukituma kisicho na fundo, nitaandika tarehe kwenye daftari, nifute jina lako kwenye orodha, na sitakusumbua tena. Zaina amesoma hapa akasema niandike kweli: nitakusumbua.

Nisalimie mke wa Kabange na kichwa chake. Nisalimie shangazi, dada wa marehemu Papa, anayesali kwa sauti mpaka kuku wanashuka kabla ya mapambazuko. Nisalimie katekista aliyenifundisha herufi, ila usimsomee ile habari ya M. Na yule jirani aliyeuliza, mwambieni ndiyo, ninakula majani: sombe, kila Jumatano, kwa mawese.

Ni mimi mwanao Kyungu, mwenye macho yale yale mawili uliyonizaa nayo.